Msitu Unapokosa Vijana

Wageni wengi wanaofika Gede huja kuona msikiti, kasri na makaburi ya mji uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Wachache hutambua kwamba msitu wanaopita ndani yake nao ni sehemu ya historia hiyo. Watu walipoondoka, ndege, popo, nyani na upepo walileta mbegu. Leo mizizi imepasua kuta, na mibuyu na mifune imesimama karibu na palipokuwa nyumba za watu.

Kiwanja kilichoachwa hakigeuki msitu kwa mara moja. Kwanza huota nyasi na magugu, kisha vichaka na miti inayokua haraka kwenye jua kali. Miti hiyo ya mwanzo haiishi sana, lakini kivuli chake kina kazi: udongo hupoa, majani huoza yakawa mbolea, na miche isiyovumilia jua hupata pa kuanzia. Miche hiyo ndiyo itakayorithi mahali pale. Kazi hii huchukua miongo mingi. Gede ilipata karne nne.

Msitu uliokomaa una ghorofa. Juu kabisa kuna miti mirefu inayopata jua lote. Chini yake miti ya kimo cha wastani, kisha vichaka, na chini kabisa miche. Ghorofa hii ya chini ndiyo tunayoidharau. Mche unaweza kukaa miaka ukiwa kimo cha goti, ukisubiri. Siku mti mkubwa unapoanguka, mwanga hufika chini na miche yote huanza kushindana kuziba pengo. Ndiyo maana msitu wenye afya huwa na miti ya kila rika.

Tukivuka barabara kuu ya Mombasa–Malindi tunaingia Arabuko-Sokoke, msitu wa takriban kilomita 420 za mraba. Hapa udongo nao huamua sura ya msitu. Kwenye mchanga mweupe hutawala mirihi, iliyoachana kiasi cha mwanga kufika chini. Ganda lake likikauka hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu. Kwenye udongo mwekundu msitu ni mfupi na umesongamana, na humo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke.

Sasa tufikirie mtu anayetafuta nguzo na fito za kujengea. Hachukui mti mkubwa, kwa hivyo anaona hajaharibu kitu, na ukitazama kutoka barabarani msitu bado ni kijani. Lakini mti mnyoofu, mwembamba kama mkono, ndio ule uliokuwa ukisubiri zamu yake. Ukikatwa kila mwaka, mizee hubaki bila warithi, na dalili huonekana baada ya miaka mingi, wakati kurekebisha ni vigumu.

Muhuhu unaonyesha upande wa pili. Huu ni mti unaokua polepole sana, na mbao zake ngumu zilipendwa na wachongaji wa vinyago. Tena una miti dume na miti jike. Mikubwa ikipungua na kuachana mbali, mbegu nazo hupungua. Huko waliotoweka ni wazazi.

Wakazi wa Kilifi tayari wana jibu moja la nguzo: mvinje. Hustawi kwenye mchanga wetu, hufaa kwa ujenzi baada ya miaka michache tu, na wakulima wengi huuza nguzo zake. Hauwezi kuchukua nafasi ya msitu wa asili (shamba la mvinje ni la rika moja na ghorofa moja) lakini kila nguzo inayotoka shambani huacha mti mchanga mmoja msituni.

Arabuko-Sokoke ni msitu wa umma chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, wala si kaunti. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kukata mti humo bila kibali ni kosa, hata uwe mwembamba kiasi gani. Anayehitaji kuni au mazao mengine ya msitu aulize kwanza katika kituo cha misitu kilicho karibu naye, au kupitia chama cha jamii cha misitu cha eneo lake.