ELIMU KWA UMMA: Shamba la Serikali ni la Nani?

Tangu mradi wa kunyunyizia mashamba maji uzinduliwe Galana-Kulalu mwaka wa 2014, mjadala haujapoa. Ranchi hiyo, iliyoko kaunti za Kilifi na Tana River, iko chini ya Shirika la Ustawishaji wa Kilimo (ADC), ambalo ni la serikali ya kitaifa. Wapo wanaotaka serikali iendelee kuimiliki ili nchi ijitosheleze kwa chakula. Wengine wanataka wawekezaji wa kibinafsi wapewe nafasi. Wapo pia wanaodai ardhi irudi kwa wenyeji. Je, Katiba inasemaje?

Kifungu cha 62 kinaainisha ardhi ya umma. Sehemu yake hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi wake. Ile inayoshikiliwa na idara au shirika la kitaifa iko mikononi mwa serikali ya kitaifa, kwa niaba ya Wakenya wote. Zote husimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi (NLC). Kwa hivyo serikali ni mdhamini tu. Mwenye mali ni mwananchi.

Lakini umiliki ni nusu ya mjadala. Nusu nyingine ni mazingira. Galana inapakana na mbuga ya Tsavo Mashariki, na mto unaonywesha mashamba hayo ndio huo huo unaoitwa Sabaki ukikaribia Bahari Hindi. Visima vya Baricho, kando ya mto huo, husambaza maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Maji yakivutwa kupita kiasi kule juu, mfereji wa mkazi wa chini ndio utakaokauka.

Ndiyo maana sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inataka miradi mikubwa ya aina hii ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na ripoti ikaguliwe na NEMA. Serikali haisamehewi kwa kuwa shamba ni lake. Kifungu cha 69 kinaitaka ihimize wananchi kushiriki katika kutunza mazingira. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki ya mazingira safi ikivunjwa, hata kama yeye mwenyewe hajapata hasara.

Mkazi anapoitwa kwenye kikao cha kutoa maoni, na aulize haya:

1. Ardhi hii inashikiliwa na nani, na kwa niaba ya nani?
2. Ripoti ya tathmini iko wapi?
3. Maji kiasi gani yatachukuliwa, hasa wakati wa kiangazi?
4. Wakazi watafaidika vipi?