Kabla Hujafomati: Majibu kwa Wanaohangaika na Kompyuta

Barua za safari hii zimeniuma. Nyingi zimetoka kwa watu waliokwisha kulipia kitu ambacho tayari kimo ndani ya kompyuta zao, bure. Nimechagua zinazogusa mfuko wa mtu au haki yake. Majibu ni ya Windows 10 na 11, maana ndizo zilizojaa maofisini na mashuleni.

Binti yangu haoni na amechaguliwa kuingia kidato cha tano. Duka moja limenitajia "kompyuta maalumu ya wasioona" yenye kibodi ya nukta nundu. Bei yake siiwezi. Nikope? (Mzazi, Tanga)

Usikope, mzazi mwenzangu. Hahitaji kompyuta ya peke yake. Ipo kompyuta, na ndani yake ipo programu inayosoma kwa sauti yaliyoandikwa kwenye skrini. Nenda kwenye kompyuta yoyote ya Windows iliyo karibu nawe, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl na Enter. Sauti utakayoisikia inaitwa Narrator, na Windows imekuwa na programu hiyo tangu toleo la mwaka 2000. Kompyuta za Apple nazo zina yao, VoiceOver, tangu 2005.

Kwa masomo, mwekee NVDA. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha akaungana naye James Teh. Wote wawili hawaoni, na waliitengeneza kwa sababu programu za aina hiyo zilikuwa zinauzwa kwa bei ambayo wasioona wengi hawakuimudu. Inapatikana bure kwenye tovuti ya wenyewe, NV Access.

Sasa hiyo kibodi. Dhana hii naikuta kila mahali, hata kwa walimu: kwamba asiyeona lazima apapase herufi ndipo aandike. Mwangalie mpiga chapa hodari yeyote. Macho yake yako kwenye karatasi, hayatazami kibodi. Vidole vyake vinajua njia. Pitisha kidole kwenye herufi F, kisha J, utagusa kinundu kidogo. Kingine kipo kwenye namba 5 upande wa kulia. Vidole vya shahada vikikaa kwenye F na J, vingine vinapata nafasi zake vyenyewe. Mtoto anayebandikiwa stika za nukta nundu hujifunza kusoma kila kitufe kabla ya kukibonyeza, na kasi yake hubaki hapohapo miaka yote. Wapo wanafunzi wanaofika chuoni wakiandika kwa kidole kimoja kwa sababu mtu mwenye huruma aliwabandikia stika. Kwenye NVDA, abonyeze Insert na 1: tangu hapo kila kitufe atakachogusa kitajitaja jina bila kuharibu chochote, mpaka abonyeze hivyo tena. Wiki za mwanzo azimalizie hapo.

Kipo kifaa cha nukta nundu chenye manufaa ya kweli. Ni ubao wenye vipini vidogo vinavyopanda na kushuka kuunda maandishi chini ya vidole. Ni hazina kwa hisabati na kwa kujua tahajia, na kwa asiyeona wala kusikia hakina mbadala. Lakini ni ghali, na hakuna anayelazimika kuanzia hapo. Pesa ulizonazo nunua kompyuta ya kawaida na hedifoni nzuri.

Kompyuta inalia na kuleta kidirisha kila nikicheza gemu. Kibodi haiandiki mpaka nikandamize kitufe kwa muda. Namba za pembeni hazitoki, badala yake kishale kinatembea. Fundi anasema ni virusi, nilipe elfu arobaini afomati. (Barua kutoka Mwanza, Dodoma, Mombasa na Kigoma)

Nimezijibu pamoja kwa sababu ugonjwa ni mmoja, na wala si ugonjwa.

Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, Windows inakuuliza kama unataka Sticky Keys. Imewekwa kwa ajili ya mtu mwenye mkono mmoja, ili abonyeze Ctrl, kisha Alt, kisha Delete, kimoja baada ya kingine. Ukikandamiza Shift ya kulia kwa sekunde nane inakuja Filter Keys, ambayo hupuuza mguso mfupi. Hiyo ni kwa ajili ya mwenye mikono inayotetemeka. Izime kwa kukandamiza tena Shift hiyohiyo sekunde nane. Kishale kinachotembea kwa namba ni Mouse Keys, ya asiyeweza kushika kipanya: bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock. Njia hizi za mkato unaweza kuzifunga kabisa: Windows na U, kisha sehemu ya kibodi.

Fundi asiyelijua hili ajifunze. Anayelijua na bado anafomati anaiba, na pamoja na pesa anaondoka na picha za familia na kazi za miaka ya mteja. Dada wa Kigoma ameandika kwamba tasnifu yake ilifutika namna hiyo.

Nimeuziwa JAWS "ya kudumu". Inakufa kila baada ya dakika 40. (Mwanafunzi, Morogoro)

JAWS, programu nyingine ya kusoma skrini kwa sauti, ni ya kulipia, na hiyo uliyouziwa haina leseni. Dakika 40 ni muda wa majaribio unaowekwa na watengenezaji wenyewe. Ukitaka mwingine unazima na kuwasha kompyuta. Dai pesa zako, weka NVDA.

NVDA inasoma Kiswahili kama Mzungu aliyeshuka leo. (Mwalimu, Songea)

Sauti iliyochaguliwa ni ya Kiingereza, ndiyo maana. Bonyeza Insert, Ctrl na S, uchague eSpeak NG. Kisha Insert, Ctrl na V, uchague Swahili. Sauti ni kavu, lakini irabu zitatamkwa zilivyo.

Mama haoni vizuri herufi za skrini. Kijana wa dukani amepunguza "resolution", sasa kila kitu kina ukungu. (Zanzibar)

Mrudishie ilivyokuwa. Windows na U, sehemu ya ukubwa wa maandishi, vuta mpaka herufi zimtoshe. Zinafika asilimia 225. Akitaka zaidi, Windows na alama ya kujumlisha hukuza skrini nzima, Windows na Esc huizima. Kisha mpeleke kwa daktari wa macho wiki hii. Kama ni mtoto wa jicho, upasuaji unarudisha uoni. Kama ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, na kila mwezi wa dawa za kienyeji unachukua kingine.

Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu inasaidia?

Pumzisha macho, pepesa mara kwa mara, na pesa hiyo weka.

Tangazo la kazi limekuja kwa PDF. NVDA inasema hakuna kitu. (Barua nyingi)

Ni picha. Ofisi imeandika barua kwenye kompyuta, ikaichapa, ikaigonga mhuri, ikaiskani, na maandishi yakafa njiani. Kwa sasa bonyeza Insert na R, Windows itajaribu kuyatambua maneno. Mhuri uliokaa juu ya tarehe ya mwisho utaishinda.

Enyi makatibu na maofisa rasilimali watu, Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 9 kinahusu habari kumfikia kila mtu. Hifadhini PDF moja kwa moja kutoka Word. Mhuri ukiwa wa lazima, tumeni faili zote mbili. Mnapoacha kufanya hivyo mnawaondoa waombaji kabla hamjasoma majina yao.

Chuoni kompyuta za maabara zimefungwa, siruhusiwi kuweka programu. (Iringa)

NVDA inatembea ndani ya flashi. Itengeneze nyumbani kwenye menyu yake ya zana. Na flashi zikikatazwa, Narrator ipo palepale: Windows, Ctrl na Enter.

NVDA imenyamaza ghafla. Nimeambiwa kadi ya sauti imeungua.

Bonyeza Insert na S mpaka iseme. Ikikataa, Ctrl, Alt na N huiwasha upya.