Gari la Viti Viwili la Kufunua Paa: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Gari Lililotumika

Anayekwenda kununua Noah au Harrier iliyotumika huuliza injini kwanza. Ukienda kununua gari la michezo la viti viwili, lile la kufunua paa, anza na bodi. Injini zake mara nyingi ni za kawaida tu na fundi aliyezoea magari ya Kijapani hazimsumbui. Lakini gari lisilo na paa la chuma hutegemea sakafu na zile kingo za chini ya milango kwa nguvu zake zote. Kingo zikioza, au zikinyooshwa ovyo baada ya ajali, gari limekwisha hata kama linawaka kwa ufunguo mmoja na muungurumo wake unakuita kutoka ng'ambo ya barabara.

Tumechukua Mazda Roadster kuwa mfano kwa sababu mbili. Ndilo gari la aina hii ambalo mnunuzi wa kipato cha kati anaweza kulifikia, na usukani wake wa Kijapani uko kulia, kama barabara za Tanzania, Kenya na Uganda zinavyotaka. Msomaji aliyeko Rwanda, Burundi au Kongo, wanakoendesha upande wa kulia wa barabara, atafute lililotengenezwa kwa ajili ya Ulaya bara au Marekani.

Gari lenyewe

Mazda walilionyesha kwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989. Wazo lilikuwa limeanza miaka kumi hivi nyuma, pale Bob Hall, mwandishi wa habari za magari wa Marekani, alipomwambia Kenichi Yamamoto wa Mazda kwamba gari dogo la wazi, jepesi na la bei ya kawaida limetoweka sokoni. Waingereza ndio waliokuwa mabingwa wa magari hayo, wakayaacha yafe. Hall baadaye aliajiriwa na Mazda, na mhandisi Toshihiko Hirai akakabidhiwa mradi. Mwaka 2000 Guinness walilitambua kuwa gari la michezo la viti viwili lililouzwa zaidi duniani, na Aprili 2016 la milioni moja likakamilika Hiroshima.

Majina yake yanawachanganya wengi. Japani liliuzwa kama Eunos Roadster, kisha Mazda Roadster. Kwingine ni MX-5. Wamarekani huliita Miata. Ukitafuta spea kwa jina moja tu, nyingi zitakupita. Njia ya uhakika ni namba ya chasisi. Kizazi cha kwanza, chenye taa za kuibuka, huanza na NA6CE kwa injini ya lita 1.6 au NA8C kwa ya 1.8. Cha pili, cha kuanzia 1998, ni NB6C na NB8C. Cha tatu, 2005 hadi 2015, ni NCEC. Cha nne, cha kuanzia 2015, lenye turubai na injini ya 1.5 huanza na ND5RC. Mwenye duka la spea akikuuliza "ni Roadster ya mwaka gani?", msomee namba hiyo.

Sheria kabla ya hela

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Mkenya anayeagiza leo amebakiwa na kizazi cha nne pekee. Akitaka lile la taa za kuibuka, alitafute miongoni mwa yale ambayo tayari yana namba za Kenya. Uganda mpaka ni miaka 15. Tanzania mlango uko wazi zaidi, ila gari la miaka 8 na kuendelea hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, juu ya ushuru wa forodha na VAT. Hapo ndipo watu huumbuka: gari limenunuliwa Japani kwa bei ya kutupa, halafu kodi inazidi bei yake. Ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika katika tovuti ya TRA, weka aina, mwaka na ukubwa wa injini, uone jumla kabla hujamtumia muuzaji hata senti. Na kumbuka kuwa mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza si lazima vilingane. Uliza vyote viwili.

Karatasi ya mnada

Magari mengi ya Japani hupitia mnadani, na kila moja huwa na karatasi ya ukaguzi. Muuzaji akikupa picha za gari tu bila karatasi hiyo, mwombe; akizungusha maneno, hamia kwa mwingine. Daraja la R au RA maana yake gari liliwahi kupata ajali iliyogusa muundo wake. Gari la wazi la daraja hilo tunashauri uliache, hata kama bei inavutia. Kwenye mchoro wa gari utaona herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Hizo zinavumilika. Herufi za kutafuta kwa macho makali ni S, yaani kutu, na C, chuma kilichoanza kuliwa.

Uliza pia gari lilikaa wapi. Hokkaido na mikoa mingine ya kaskazini barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma kwa chini, mahali ambapo picha za muuzaji hazifiki. Dai picha za chini ya gari.

Maji

Huu ndio ugonjwa mkubwa wa magari haya, na wauzaji wengi hata hawaujui.

Mvua ikinyesha juu ya turubai, maji hukusanywa kwenye mfereji uliozunguka nyuma ya viti, kisha hushuka kwa mirija miwili, mmoja kila upande, na kutokea chini ya gari karibu na tairi za nyuma. Gari likiegeshwa chini ya mwarobaini kwa miezi, vijani vidogo huingia humo vikachanganyika na vumbi vikawa tope. Mirija ikiziba, maji hutafuta njia nyingine: ama yanaingia kwenye zulia nyuma ya viti, ama yanajaa ndani ya kingo za chini ya milango na kukaa humo. Chuma huoza kutoka ndani kuja nje. Siku rangi inapovimba kama malengelenge mbele ya tairi la nyuma, ndani kumeshakuwa unga.

Jaribio lake halikugharimu kitu. Nenda na chupa ya maji. Funua paa nusu, uone tundu la mfereji kwenye kona, nyuma kidogo ya mkanda. Mimina kikombe kimoja polepole huku mwenzako amechuchumaa anachungulia chini. Maji yatoke mara moja, yakimwagika kwa nguvu. Yakitoka matone matone, mrija umeziba kiasi. Yasipotoka kabisa, jiulize yameenda wapi. Rudia upande wa pili. Kisha ingiza mkono chini ya zulia nyuma ya viti, na ubonyeze ukingo wa chini ya mlango kwa kidole gumba, hasa kipande cha nyuma karibu na tairi. Chuma kizima hakibonyei. Sumaku ndogo pia inasaidia: isiposhika, hapo pana puti chini ya rangi.

Kuzibua ni kazi ya nusu saa, lakini usitumie waya mgumu, utatoboa mrija. Uzi mnene wa mashine ya kufyekea nyasi unafaa. Mwenye gari afanye hivyo kabla ya masika na kabla ya vuli.

Vizazi viwili vya mwanzo betri iko kwenye buti, na ilitengenezwa iwe ya aina iliyofungwa, yenye vibomba vya kutolea hewa nje. Ikiwekwa betri ya kawaida ya dukani, mvuke wa asidi hubaki ndani ya buti na kula sakafu. Inyanyue uangalie chini yake.

Turubai lenyewe hubadilishwa. Si mwisho wa dunia. Likague kwenye mikunjo, maana huko ndiko huanza kupasuka. Kizazi cha kwanza kina dirisha la nyuma la plastiki, ambalo jua hulipausha likawa kama karatasi ya mafuta. Dirisha hilo lina zipu: ifungue kwanza ndipo ushushe paa, la sivyo plastiki hukunjwa na kukatika katikati.

Injini na giaboksi

Hapa tutapita haraka. Injini za 1.6 na 1.8 za zamani ni za ukoo mmoja na zile za Mazda Familia, kwa hiyo fundi ana pa kuanzia. Zina taimingi belti ya kubadilishwa kila kilomita 100,000. Kizazi cha tatu na cha nne vina cheni. Oili ikionekana nyuma ya injini, upande wa abiria na dereva walipo, mara nyingi ni kiringi kidogo cha mpira kwenye sensa ya kamshafti, si gasketi ya silinda hedi kama fundi mwenye haraka atakavyokwambia.

Onyo moja tu zito: injini za 1.6 za mwanzo kabisa, za 1989 hadi karibu 1991, zina kranki yenye pua fupi ambayo hulegea pale puli inapofungwa. Puli yake ina nafasi 4 mbele, wakati ile iliyoboreshwa ina 8. Washa injini uitazame puli ikizunguka. Ikiyumba, aga kwa heshima uondoke.

Gia namba 2 kuwa ngumu asubuhi kabla giaboksi haijapata moto ni tabia yake. Ikikwaruza hata baada ya nusu saa, huo ni ugonjwa. Klachi ikizama, anza kuangalia silinda ndogo ya chini kabla ya kukubali kushusha giaboksi.

Matairi

Magari haya hutembea kidogo, kwa hiyo matairi huzeeka kabla ya kuisha. Soma tarakimu 4 za mwisho ubavuni: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini limekauka ni hatari zaidi hapa kwa sababu gari ni jepesi, la kwanza lilikuwa na kilo 940 hivi, na nguvu huenda tairi za nyuma. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, lami ikiwa na mafuta na vumbi, nyuma huteleza bila kubisha hodi. Kizazi cha tatu na cha nne havina tairi la spea, kuna kopo la gundi na pampu tu. Safari ya Dar es Salaam hadi Iringa uifikirie kwa hilo.

Yasiyo Mazda

Mercedes-Benz SLK na BMW Z4 hushuka bei sana yakizeeka, na hapo ndipo mtego ulipo. Paa la SLK hukunjwa kwa mabomba ya mafuta yenye silinda ambazo huvuja. Z4 ya 2002 hadi 2008 ina mota ya paa iliyokaa mahali ambapo maji hujaa mirija ikiziba, kwa hiyo takataka ya majani huua mota ya bei kubwa. Toyota MR-S ni chaguo la maana kwa anayetaka jina ambalo kila duka la spea linalijua. Daihatsu Copen, yenye injini ndogo ya cc 660, inapendeza mjini, ila paa lake la umeme liwe limejaribiwa mbele ya macho yako, kufunga na kufungua, zaidi ya mara moja.

Kuishi nalo

Uwazi chini ya gari ni sentimita 13 hadi 14, na aliyeshusha springi amepunguza zaidi. Tembea njia ya nyumbani kwako uhesabu matuta kabla hujanunua. Unapolinyanyua, jeki ikae pale kitabu kinaposema. Kingo zilizobonyezwa na jeki za gereji ni alama ya kwanza ya gari lililotunzwa na watu wasiolijua.

Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya eabegi inayofanya kazi. Katika gari la viti viwili hakuna kiti cha nyuma cha kukimbilia, kwa hiyo mwenye mtoto mchanga ahesabu kuwa hili ni gari la pili nyumbani.

Turubai hukatwa kwa wembe. Usiache mkoba, simu wala koti ndani, hata la zamani.

Makaratasi

Unaponunua kwa mtu, linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, na jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayekuuzia. Dalali asiye na mwenye gari karibu hana cha kukuuzia. Tanzania, andikishianeni mkataba kwa wakili, angalia kama gari lina deni la faini za barabarani, kisha ubadilishe umiliki TRA mapema. Kenya uhamisho hufanywa NTSA kupitia eCitizen, na fedha ya mwisho itoke muuzaji akishakamilisha sehemu yake ya uhamisho.

Bima ndogo inalipa uliyemgonga tu. Turubai lililokatwa na taa iliyoibiwa havimo. Ukichukua bima kubwa, thamani ya gari iandikwe kwa bei ya soko ya Roadster yenyewe, pamoja na kipengele cha paa kwa maandishi, kwa sababu mtathmini aliyezoea saluni huliandika kama gari kuukuu la viti viwili na kulipa hivyo hivyo.