Dondoo muhimu: Siku moja Shelly Beach, Likoni

Safari huanzia kwenye feri. Mtembea kwa miguu havuki kwa nauli. Gari ndilo hulipa. Kutoka kivukoni hadi ufukweni ni kilomita tatu hivi, na tuktuk hufika upesi.

Jambo la kwanza kuchunguzwa ni mwezi. Zikifika siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji ya Mombasa hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa tena kwenye saa kumi jioni. Asubuhi hiyo ni ya kutembea miambani na kutazama samaki vidimbwini. Kuogelea kusubiri alasiri. Viatu vya mpira ni lazima, maana viumbe wenye miiba mirefu hujificha kwenye mawe.

Mwani mwingi mchangani usimkatishe mgeni tamaa. Si uchafu.

Kombe na matumbawe vibaki vilipo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo mahamri yaingie kwenye kikapu. Leso ya kujifunga wakati wa kurudi mitaani ni heshima inayothaminiwa sana na wenyeji.