Uzito Uliozidi: Mbona Zaidi Mjini, Mbona Zaidi Wanawake?

Mwaka 2010, utafiti wa kitaifa wa afya uliwakuta wanawake 22 katika kila 100 nchini Tanzania, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wakiwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Utafiti wa 2015–16 ulikuta 28. Ila wastani huo unaficha mengi: vijijini walikuwa 21, mijini 42.

Tofauti hiyo haitokani na uvivu, na tunaomba neno hilo lisitumike. Wa kijijini hushika jembe, huchota maji, hutembea hadi mnadani. Wa mjini hukaa kibandani au ofisini tangu asubuhi, hupanda daladala au bodaboda, na chakula kilicho karibu naye ni chipsi, maandazi na soda. Kipato nacho kinahusika: kwetu, kaya zenye uwezo ndizo zenye uzito mkubwa zaidi.

Wanaume je? Utafiti wa 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta uzito uliozidi kwa wanaume 15 katika kila 100, na kwa wanawake 37. Mwanamke huongezeka uzito kwa kila ujauzito na mara nyingi haupungui wote. Isitoshe, akinenepa husifiwa kuwa amenawiri, ameolewa pazuri. Sifa hiyo inachelewesha wengi kupima.

Jambo linalotuumiza zaidi ni hili: utafiti uleule wa 2015–16 ulikuta watoto 34 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mama mnene na mtoto aliyedumaa wanaweza kula chungu kimoja, kilichojaa wanga na mafuta lakini kisicho na mboga, maharage wala dagaa wa kutosha.

Kujipima ni rahisi. Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye mita 1.60 na kilo 78 anapata 30.5. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni kiribatumbo. Wajawazito wasitumie kipimo hiki. Pima na kiuno kwa futikamba: sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume ndipo hatari huanza kupanda. Ukivuka hapo, nenda kituo cha afya upimwe shinikizo la damu na sukari, hata kama hujisikii kuumwa.