Mweupe wa moyo, mweupe wa kichwa

Swali: Hapa Katesh nasikia "mchana kweupe", "moyo mweupe" na "kichwani mweupe". Inakuwaje neno moja lisifu na likashifu?

Jibu: Kwa sababu -eupe hubeba wazo la kutokuwa na kitu kinachoziba au kujaza. Mchana kweupe hauna giza la kuficha mwizi. Moyo mweupe hauna kinyongo. Kichwani mweupe hamna maarifa. Sifa au kashfa hutegemea kilichokosekana. Utasema hiyo ni rangi tu, kama chumvi ya Ziwa Balangida wakati wa kiangazi. Mbona basi uwanda usio na miti chini ya Mlima Hanang huitwa mahali peupe, hata udongo wake ukiwa mwekundu? Mwanafunzi hodari mwite mwerevu. Ukimwita mweupe kichwani, umemtukana.