Kufundisha Wepesi wa Kuitikia Ishara

Muda wa kuitikia ni ule upitao kati ya kuona au kusikia ishara na kuanza kutenda. Mwanariadha huuzingatia sana, lakini mtoto wa Kiboriloni avukaye barabara kuu ya Moshi kwenda Himo anahusika nao zaidi. Je, muda huo waweza kupunguzwa kwa mazoezi au kwa vidonge? Tunapendekeza somo lifuatalo kwa Darasa la Sita na la Saba.

Zana: Rula ya sentimeta 30 kwa kila wanafunzi wawili, mpira, chaki na ubao.

Hatua ya 1: Kupima
Mwanafunzi mmoja aishike rula wima kwa ncha ya juu. Mwenzake aweke kidole gumba na cha shahada penye alama ya sifuri, bila kuigusa. Rula iachiliwe ghafla, naye aidake. Wasihesabu "moja, mbili, tatu", kwani mdakaji atabahatisha badala ya kuitikia. Katika mbio za kimataifa pia, aondokaye kabla ya sekunde 0.1 kupita tangu mlio wa bastola huhesabiwa kuwa ameanza mapema. Wapime mara tano na kuandika kipimo cha katikati. Sentimeta 20 ni sawa na sekunde 0.20 hivi, sentimeta 11 ni 0.15.

Hatua ya 2: Mazoezi
Kwa majuma mawili wacheze mdako, wadake mpira unaodunda ukutani, na waondoke mbio kwa ishara ya kofi. Kisha ishara ziwe mbili: kofi moja, kimbia, makofi mawili, simama. Wapimwe tena. Mwalimu aeleze kwamba sehemu kubwa ya nafuu hutokana na kuzoea kitendo chenyewe.

Hatua ya 3: Chakula na vidonge
Kahawa, zao la mlima wetu, ina kafeini, ambayo hupunguza kidogo muda wa kuitikia. Ilikuwa katika orodha ya vitu vilivyokatazwa michezoni hadi ilipoondolewa mwaka 2004. Hata hivyo haimfai mtoto, kwani humnyima usingizi, na asiyelala huitikia polepole. Aliyepungukiwa damu huchoka na kukosa usikivu. Huyo apelekwe kituo cha afya. Mwenye afya hutoshelezwa na maharage, mchicha, nyama na matunda. Vidonge vya vitamini havimwongezei wepesi.

Hatua ya 4: Hesabu
Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu meta 17 kila sekunde. Mwanafunzi aliyetoka sekunde 0.20 hadi 0.15 ameokoa 0.05. Gari limesogea meta ngapi kwa muda huo? Jibu halifiki hata meta moja.

Hatua hii isiachwe kamwe. Bila hiyo, tutakuwa tumemfundisha mtoto kutegemea wepesi wake mbele ya gari. Mazoezi humfaa uwanjani. Barabarani kinga yake ni kusimama, kutazama kulia, kushoto, na kulia tena, kisha kuvuka njia ikiwa nyeupe.